Kuituliza Gololi

Mwaka 1976 Roger Sharpe, kijana aliyekuwa akiandikia majarida, alisimama mbele ya madiwani wa jiji la New York ili awaoneshe kwa mikono yake kwamba pinboli si kamari. Mchezo huo ulikuwa marufuku mjini humo tangu 1942, enzi za Meya Fiorello La Guardia, aliyeamuru mashine zikamatwe, akapigwa picha akizivunja kwa nyundo, na mabaki yakatoswa majini. Hoja ya Meya haikuwa ndefu. Gololi huenda itakako, mchezaji hana analoliweza zaidi ya kutumbukiza sarafu, na sarafu zenyewe zinatoka mifukoni mwa watoto wa shule.

Sharpe akacheza. Wakaingiwa na wasiwasi kwamba huenda mashine ile imechokonolewa ili impendelee, wakamhamishia kwenye ya akiba. Akacheza na hiyo pia. Kisha akafanya jambo ambalo wapenzi wa mchezo huu wanalisimulia mpaka leo: aliushika mpini wa kurushia gololi, akawaambia itapita njia ya katikati kule juu, akauvuta, akauachia. Ikapita pale pale. Marufuku ikaondolewa. Miaka mingi baadaye mwenyewe alikiri kwamba mpigo ule ulikuwa na bahati yake.

Kwa sheria, kesi iliisha. Kwa watu haijaisha. Kila siku, kwenye baa za Chicago, Portland au Seattle, kuna mtu ambaye hajawahi kucheza anayelipa, anabonyeza vitufe viwili kwa pupa, gololi tatu zinamzamia ndani ya dakika mbili, naye anaondoka na hukumu ileile ya La Guardia: huu ni mchezo wa bahati, na bahati si yangu. Hakuna diwani wa kumrudisha. Kwa nini mchezo wenye ufundi mwingi kiasi hiki unashindwa kuwavuta wageni, na ukiwavuta unashindwa kuwashika? Watu wa pinboli wanalijadili swali hili bila kuchoka, na lawama wanaipeleka kwenye simu, kwenye michezo ya video, kwenye vijana wasio na subira. Mimi naona tatizo liko karibu zaidi. Ufundi wenyewe hauonekani. Mgeni anaona vurugu, kumbe anayejua anacheza mchezo mwingine kabisa, wa utulivu, chini ya kioo kilekile.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wameuonja mchezo huu bila kulijua jina lake. Waliokaa mbele ya kompyuta za ofisini na kwenye intaneti kafe enzi za Windows XP watakumbuka ule mchezo wa chombo cha anga, Space Cadet, uliokuja bure ndani ya kompyuta pamoja na karata: gololi inarushwa kutoka kulia, inagonga taa na vizuizi, nawe una vipande viwili tu chini vya kuizuia isitumbukie. Ile ndiyo pinboli, au tuseme ndiyo picha yake. Mashine yenyewe ni meza yenye miguu minne, imeinama nyuzi kama sita na nusu kuelekea kwa mchezaji, na juu imefunikwa kioo. Gololi ni ya chuma, upana wake milimita 27, uzito wake gramu 80 hivi. Ukiipokea kiganjani unashangaa kwamba kitu kidogo hivyo kinaweza kuwa kizito hivyo. Vile vipande viwili vya chini huitwa flipa, na kila kimoja kina kitufe chake ubavuni mwa meza. Mchezo mmoja kwa kawaida ni gololi tatu. Gololi ikipita katikati ya flipa, au ikichepukia njia za pembeni, imezama.

Space Cadet ilikuwa na jambo moja ambalo meza ya baa haina. Karani aliyekuwa akimsubiri bosi atoke kwenye mkutano alizamisha gololi mia bila kupoteza senti, na katika mia hizo akavumbua mambo mawili matatu mwenyewe, polepole, bila mtu kumcheka. Mezani kila kosa linalipiwa. Siku hizi Marekani mchezo mmoja mara nyingi ni dola moja. Kwa mtu wa huko dola moja si pesa ya kulilia. Kinachomuudhi ni kwamba imekwenda naye hajui imekwendaje. Ukishindwa mbio unajua uliyeshindana naye ana miguu mirefu. Hapa umeshindwa na nani?

Somo la kwanza la pinboli ni kuacha kupiga. Hakuna mgeni anayelijua, wala hakuna mashine inayomwambia. Yeye anadhani kazi ya flipa ni kuirudisha gololi juu, hivyo kila ikikaribia anabonyeza, na kwa kuwa ameogopa anabonyeza vyote viwili kwa pamoja. Hapo amejifungulia mlango mwenyewe, maana flipa mbili zikiinuka pamoja uwazi wa katikati unakuwa mkubwa kuliko zikiwa zimelala. Mjuzi hutumia moja moja. Mara nyingi hatumii hata moja.

Mtazame akipokea gololi inayoshuka kwa kasi kuelekea flipa ya kushoto. Anaiacha. Kidole kiko juu ya kitufe na hakifanyi kitu. Gololi inadunda kwenye raba ya flipa iliyolala, inavuka katikati pale pale mahali pa hatari ambapo moyo wa mgeni ungesimama, inatua kwenye flipa ya kulia ikiwa mbio zake nyingi zimekwisha. Sasa ndipo anapoinua ya kulia na kuishikilia juu. Gololi inateleza kurudi nyuma mpaka kwenye pembe kati ya flipa na reli, inatikisika mara moja, inatulia.

Mchezo mzima umesimama. Taa zinawaka na kuzima, muziki unapiga kelele, lakini gololi haiendi popote mpaka yeye aamue. Anaweza kukausha viganja kwenye suruali, akanywa funda moja, akaangalia ni njia ipi inayolipa. Akiridhika anaishusha flipa, gololi inaanza kuteremka mgongoni mwake kutoka shinani kwenda nchani, na katika safari hiyo fupi ndimo ulimo ulengaji wote. Akipiga mapema, gololi ikiwa bado karibu na shina, itapanda karibu wima au itarudi upande uleule ilikotoka. Akichelewa mpaka ikaribie ncha, itaikata meza kwenda upande wa pili. Kati ya njia mbili zilizo jirani tofauti ni ya kufumba na kufumbua, na wapo watu wanaoweza kuipata njia waitakayo mara kumi mfululizo.

Kuna na kazi ya mwili. Meza ya pinboli inasukumwa, na mgeni akiona mtu anaisukuma anadhani huyo ni mwizi. Si mwizi. Ndani ya sanduku, upande wa mbele, imening'inizwa timazi katikati ya pete ya chuma. Ukisukuma kupita kiasi timazi inagusa pete, na baada ya onyo moja au mawili mashine inatangaza tilti: taa zinazimika, flipa zinakufa, nawe unaitazama gololi yako ikizama huku mikono ipo. Kifaa cha kumzuia mtu asiitikise mashine ni cha miaka ya 1930, na Harry Williams, mmoja wa waasisi wa kazi hii, ndiye anayetajwa kukibuni. Ninachokipenda ni kwamba hawakukataza kusukuma. Waliweka kipimo, wakamwachia mchezaji akitafute. Mjuzi huisogeza meza kwa upana wa kidole, wakati gololi inagusa kile kinguzo kilicho mlangoni mwa njia ya pembeni, si kabla na si baada, ikadunda kuingia badala ya kutoka. Ukiwa umesimama nyuma yake huoni kitu. Bega limecheza kidogo, basi.

Na hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa ya mchezo huu, nayo ni ya umbo lake. Bao nalo, kwa asiyelijua, ni kete zinazozungushwa mashimoni mpaka mmoja aanze kucheka. Lakini bao linachezwa barazani. Wanakaa wawili, wanasimama watano, na hao watano hawanyamazi hata wakiombwa. Mtoto aliyetumwa sukari anapita, anasimama, anasikia mzee akilalamika kwamba nyumba imeliwa kizembe, na siku ya siku akikaa kucheza tayari ana maneno ya makosa yake. Pinboli imesimama ukutani. Anayecheza anawapa watu wote mgongo, na ubao wenyewe unaonekana vizuri na mtu mmoja tu, yeye mwenyewe. Wengine wanaona shingo. Ile picha kubwa ya rangi iliyosimama kwenye kichwa cha mashine iliwekwa ili ivute watu kutoka mbali, na inavuta kweli. Ila inawaonesha kila kitu isipokuwa mchezo.

Mpwa wangu mmoja anayesoma huko Marekani alinipeleka kwenye ukumbi wenye mashine hizi, akidhani anamfurahisha mzee. Akacheza yeye kwanza. Gololi mbili zikazama kabla sijamaliza kuvua koti.

“Mjomba, hii inakula pesa tu.”

Nikamwambia gololi ikija kulia asipige, ainue flipa ya kulia na kuishikilia. Akaniangalia kama anayeshuku nina nia mbaya na dola yake. Gololi ya tatu ikaja, akainua, ikateleza, ikatulia. Akabaki amekibana kitufe, hathubutu kupumua.

“Sasa nifanye nini?”

“Lolote utakalo. Haina haraka.”

Ilizama muda si mrefu baadaye, lakini aliomba dola nyingine, na hakuniomba nicheze mimi.

Nyuma ya ufundi wa mchezaji kuna ufundi wa mtu anayefika asubuhi, baa ikiwa bado imefungwa. Fundi anachomoa kioo, anauinua ubao wa kuchezea mpaka unasimama kwenye bawaba zake, na chini yake ni nyaya, swichi na koili. Kwenye mashine nyingi za zamani koili ya flipa ina nyaya mbili zilizozungushwa pamoja. Moja ni nene, inapitisha umeme wa nguvu unaoitupa flipa juu kwa ghafla. Nyingine ni nyembamba, kazi yake ni kuishikilia kule juu kwa muda wote ambao kidole kimebana kitufe. Flipa inapofika mwisho wa mwendo wake inasukuma swichi ndogo inayokata umeme wa ule waya mnene, la sivyo koili itaungua. Hebu tafakari: utulivu wote nilioueleza hapo juu, ule wa kuishikilia gololi na kuangalia njia, unategemea waya mwembamba na swichi ya ukubwa wa kucha.

Swichi hiyo ikichafuka, waya mnene haupati umeme wake sawasawa, na flipa inakuwa legevu. Bado inainuka, bado inaonekana nzima. Ila gololi inapanda mwinuko nusu, inasita, inarudi moja kwa moja katikati. Raba nazo zikizeeka zinakuwa ngumu, mdundo unabadilika. Sakafu ya baa ikiwa imebonyea upande mmoja, gololi zote zinapendelea kuzamia huko. Kwa hiyo fundi anasafisha, anapaka nta ubao uteleze, anabadili raba, anaweka pimamaji juu ya ubao na kuzungusha miguu ya meza mpaka apate anachokitaka. Mashine ya pinboli inajiumiza yenyewe kila inapochezwa, kwa sababu ni chuma kinachopiga plastiki na mbao kutwa nzima. Isipoguswa wiki kadhaa inaanza kudanganya.

Nani anayedanganywa? Mjuzi hadanganyiki. Anapiga mara mbili, anasema flipa ya kushoto imechoka, anamwachia mwenye baa ujumbe na kuhamia meza nyingine. Mgeni hana kipimo cha aina hiyo. Hawezi kujua kama gololi imerudi kwa sababu yeye amechelewa au kwa sababu koili imechoka, na kwa kuwa watu wengi ni waungwana kuliko tunavyodhani, anajilaumu mwenyewe. Mashine mbovu, kwa hiyo, inawafukuza wageni peke yao. Ninaposikia watu wakisema vijana wa leo hawana subira, nataka kwanza kujua ile meza waliyoanzia ilifunguliwa lini na fundi.

Tumtendee haki La Guardia pia. Mwaka 1942 flipa hazikuwapo. Mashine za wakati wake, zilizotokana na ile michezo ya mezani iitwayo bagateli iliyopendwa na makabaila wa Ufaransa, zilikuwa na mpini wa springi, misumari na mashimo. Ukishairusha gololi ulibaki na kusukuma na kuomba. Ni mwaka 1947 ambapo kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilitoa Humpty Dumpty, kazi ya Harry Mabs, yenye flipa sita zilizopangwa pembeni. Mwaka uliofuata Steve Kordek wa kampuni ya Genco akaziweka mbili tu, chini kabisa, na zimebaki hapo. Kordek alifariki 2012 akiwa na umri wa miaka 100, baada ya kuuona uamuzi wake ukirudiwa kwenye maelfu ya mashine. Sheria ya New York ilikuwa inaukataza mchezo ambao, kwa miaka karibu 30, haukuwa tena ule uliokatazwa.

Sharpe alipoukomboa, nafasi ya kupumua ilikuwa fupi. Mwaka 1978 Japani ilitoa Space Invaders, 1980 ikatoa Pac-Man. Wengi husema michezo ya video iliishinda pinboli kwa uzuri wake. Sina hakika. Nadhani iliishinda kwanza mbele ya mwenye duka, mtu ambaye hachezi chochote. Huyu aliona sanduku lenye skrini na usukani mdogo, lisilo na raba ya kubadilisha wala koili ya kuungua, linaloingiza pesa usiku na mchana. Na mgeni aliona kitu kingine: Pac-Man akiguswa na zimwi amekufa, na kila aliyesimama pale ameona amekufa kwa nini.

Pinboli ilifufuka mara moja kwa kishindo. Mwaka 1992 ilitoka The Addams Family, iliyobuniwa na Pat Lawlor na Larry DeMar, zikauzwa mashine 20,270, idadi ambayo hakuna nyingine ya kizazi cha mashine za elektroniki iliyoifikia. Lakini mafanikio yale yalikuwa na sumu yake. Wachezaji walikuwa wameiva, dola moja iliwatosha saa nzima, na mwenye mashine hapati faida kwa mtu anayecheza saa nzima. Meza zikazidi kufanywa ngumu, na sheria zikarundikwa: piga hiki mara tatu, kisha kile, kabla saa haijaisha, ndipo ufunguliwe mlango wa hatua nyingine. Mjuzi alifurahi. Mgeni alizamishwa kwa kasi mpya, kwa makosa ya kutojua ambayo sasa yalikuwa mengi zaidi.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na ushahidi upo. Mwaka 1997 Brian Eddy alibuni Medieval Madness. Katikati ya meza, mbele ya macho yako, kuna ngome. Huhitaji kusoma chochote. Unaipiga, daraja lake linashuka. Unapiga tena, geti linainuka. Unapiga tena, minara inatikisika na ngome inabomoka kwa kishindo kinachogeuza vichwa vya watu baa nzima. Chini ya jambo hilo la wazi kuna sheria nyingi za kumshughulisha mjuzi kwa miaka, lakini zimejificha kwa adabu, zinamsubiri. Kwangu mimi hiyo ndiyo mashine iliyojua kupokea wageni kuliko zote, na ilizaliwa soko likiwa tayari linakufa. Zilitengenezwa kama 4,000 tu.

Mwaka 1999 kampuni ya Williams, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilifunga idara yake ya pinboli na kuelekeza nguvu kwenye mashine za kasino, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na faida. Meya angecheka. Mchezo aliouita kamari ulikufa njaa ukiwa mchezo wa ufundi, na walioutengeneza wakaenda kutengeneza kamari yenyewe. Kwa miaka kadhaa Stern Pinball, ya hukohuko pembezoni mwa Chicago, ilibaki karibu peke yake duniani.

Leo hali ni nafuu. Watengenezaji wameongezeka tangu Jersey Jack Pinball ilipoanzishwa 2011, na meza mpya zinatoka kila mwaka. Ila ukiuliza zinakwenda wapi, nyingi zinashuka kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu. Mnunuzi wa kawaida ni mtu aliyezipenda ujanani na sasa ana zaidi ya dola 6,000 za kulipa kwa meza moja. Kwa hiyo meza zinabuniwa kwa ajili yake: filamu alizozipenda, bendi alizozisikiliza, sheria zenye kina cha kutosha asichoke nazo sebuleni. Kijana wa miaka 17 akisimama mbele ya mashine hiyo anaona muziki wa babu yake.

Watengenezaji hawajawasahau wageni kabisa. Mashine za sasa zinarudisha gololi ikizama katika sekunde za mwanzo, na Stern tangu 2021 wanakuwezesha kufungua akaunti kwenye simu ili mashine ikukumbuke na kukutunzia alama zako. Sipingi. Lakini gololi iliyorudishwa inampa mgeni muda, haimpi ujuzi. Atarudia kosa lile lile akiwa na gololi ileile. Karatasi ya maelekezo iliyo chini ya kioo, kushoto na kulia kwa flipa, bado inaeleza namna ya kufungua zawadi za hatua ya nne. Sijawahi kuona hata moja inayosema inua flipa, ishikilie, subiri.

Kilichofanya kazi ya kweli ni ligi. Shirikisho la kimataifa la pinboli linaweka orodha ya ubora wa wachezaji, na mashindano madogo ya baa yanaingizwa humo, kwa hiyo hata aliyeanza juzi ana nafasi yake, ya elfu thelathini au ya ngapi sijui, lakini ni yake. Mwaka 2013, huko Oakland, California, wanawake walianzisha Belles & Chimes, ligi yao wenyewe, kwa kuwa kumbi hizi kwa miaka mingi zilikuwa za wanaume waliojuana, na mgeni wa kike alilazimika kujifunza huku akitazamwa; sasa ina matawi miji mingi. Umuhimu wa ligi hauko kwenye vikombe. Uko kwenye kusubiri zamu. Watu wanne wanapangiwa meza moja, mmoja anacheza gololi yake, watatu hawana pa kwenda. Wanasogea mabegani mwake. Wanaona gololi ikiachwa idunde, wanaona meza ikisogezwa kwa upana wa kidole, na kwa kuwa binadamu hawezi kukaa kimya mbele ya kosa la mwenzake, wanaanza kusema. Ligi imeipa pinboli ile baraza ambayo umbo lake liliinyima.

Tabu ni kwamba baraza hii inavuja. Mgeni aliyefundishwa vizuri anapenda. Akipenda, baada ya mwaka mmoja au miwili anaanza kuulizia bei za meza kuukuu. Akipata, anaiteremsha chumba cha chini, anajifunza mwenyewe kubadili raba na kusafisha swichi, na sasa anaweza kucheza saa sita usiku bila kulipa wala kusubiri mtu. Simlaumu, ningekuwa na ngazi pana na mke mvumilivu zaidi ningefanya hivyo. Lakini zile robo dola zake ndizo zilizokuwa zinamlipa fundi wa baa, na bega lake ndilo ambalo mwingine angesogea kulichungulia. Jumanne inayofuata kundi lake linaanza likiwa na watatu, na mwenye ligi anazunguka kaunta akiwauliza watu waliokuja kunywa tu kama kuna anayetaka kuwa wa nne.